Gauni la mshazari usikimbilie kulipiga pindo

Mwaka wangu wa pili kwenye cherehani nlimshonea dada mmoja gauni la sendofu, satini ya rangi ya damu ya mzee, nikaikata mshazari, yaani kona kwa kona, ili ishike mwili vizuri. Usiku nimemaliza, pindo nikapiga palepale, asubuhi kaja kachukua. Siku ya shughuli ndo simu inaingia: upande wa kushoto umeshuka vidole vitatu na picha zishapigwa. Aibu niliyoipata, acha tu.

Baada ya hapo ndo nikaanza kumfuatilia Madeleine Vionnet wa Ufaransa. Watu wanawajua Chanel na Dior, huyu wanampita, ila kwangu mi ndo fundi kuliko wote. Alizaliwa 1876, kaanza kushona akiwa bado mtoto, kafungua nyumba yake ya mitindo Paris 1912, vita ikaja akafunga, akarudi tena, hadi 1939 alipofunga moja kwa moja. Mshazari ulikuwepo kabla yake, mafundi wakiutumia kwenye kola na vipande vidogo vidogo, yeye akakata gauni zima hivyo. Ukikata kona kwa kona nyuzi zinaachia, kitambaa kinavutika chenyewe bila mpira wala zipu, ndo maana kinalala mwilini kama maji, na ndo maana kinashuka pia, kwa sababu uzito wake wenyewe unakivuta.

Kwa hiyo we shona vyote, pindo liache, tundika gauni siku mbili, halafu mvalishe mteja na viatu vyake vya siku hiyo upime kuanzia sakafuni kwenda juu kuzunguka mguu mzima. Usipime kutoka kiunoni, itakudanganya.

Kingine, Vionnet alikua anajaribia mtindo kwenye kimdoli cha mbao kwanza, kitambaa kikubwa baadae. Mi cha mbao sina, natumia mdoli wa plastiki wa binti yangu na vipande vilivyobaki (analalamika kila siku mtoto wake yuko uchi), imeniokolea hela nyingi sana.

Na mita sasa. Mshazari unakula kitambaa, Vionnet mwenyewe alikua anaagiza vitambaa vipana kuliko kawaida, sisi huku tunajibana na upana wa dukani, kwa hiyo gauni la mita tatu mwambie mteja alete nne na nusu, na umwambie kabla hajaenda kununua.