Kwa nini Frida alimrudia Diego?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba mchoraji Frida Kahlo wa Meksiko aliolewa tena na Diego Rivera, mchoraji mwenzake, ingawa Diego alikuwa amemsaliti kwa kuwa na uhusiano wa kimapenzi na Cristina, mdogo wake Frida. Iliwezekanaje?

JIBU: Usaliti huo ulimchoma Frida kuliko mwingine wowote, ingawa naye alikuwa na wapenzi wa nje, jambo ambalo wengi hulipitia haraka. Walioana mwaka 1929, wakaachana 1939, na mwaka huohuo Frida alijichora mara mbili katika picha moja: wanawake wawili walioshikana mikono, mioyo ikiwa wazi, mmoja akibana kwa kibanio mshipa unaodondosha damu kwenye gauni lake jeupe. Desemba 1940 walifunga ndoa tena, kwa masharti ambayo Diego mwenyewe aliyasimulia baadaye: Frida ajitegemee kwa mapato ya michoro yake, gharama za nyumba wachangie nusu kwa nusu, na wasilale pamoja. Naamini kilichowarudisha ni kazi, kwa kuwa Diego aliithamini brashi ya mkewe tangu alipokuwa binti asiyejulikana. Maumivu hayakuisha, kwani Diego hakubadilika, lakini walibaki mke na mume hadi Frida alipofariki mwaka 1954.