Shakespeare wa bure Central Park

Ulivyouliza kama zile shoo za tamthilia za Shakespeare pale kwenye bustani ya Central Park, New York ni bure kweli au kuna kiingilio kimejificha mahali, jibu ni bure kabisa, tiketi hulipii hata senti, unachotoa ni muda wako tu maana watu wanapanga foleni tangu asubuhi na wengine wanajaribu bahati kwenye droo ya mtandaoni. Ukumbi unaitwa Delacorte, uko wazi juu hauna paa, ulifunguliwa 1962 na unabeba watu kama 1,800 hivi.

Ila ujue hiyo bure ilipiganiwa jamani. Joseph Papp ndo alianzisha kazi hii 1954, sasa 1959 Robert Moses aliyekuwa mkuu wa bustani za jiji akamwambia lazima atoze watu hela eti nyasi zinakanyagwa na kuharibika, Papp akagoma kabisa, wakafikishana mahakamani na mahakama ya rufaa ikampa haki Papp. Mi hii stori huwa inanigusa sana, mtu anapigania yule asiye na hela ya tiketi naye aone tamthilia nzuri sawasawa na tajiri, wakae viti vilevile.

We nenda tu, beba koti kwa sababu jioni baridi inaingia na mvua nayo haina adabu, halafu kama Kiingereza cha zamani kinakutisha soma kisa cha tamthilia yenyewe kabla hujaenda, utafurahia mara mbili.