Jibu: Lazima nimalize Biblia nzima kabla ya kujadili?
Mkuu, umeuliza kama ni lazima umalize Biblia yote ndipo ujadili mafundisho yake. Ukitaka hoja isimame, ndiyo. Vitabu 66 vina sura 1,189; sura nne kwa siku, kama miezi kumi hivi. Wengi hukwama Mambo ya Walawi, basi changanya: tatu Agano la Kale, moja Jipya.

Hasara ya kudokoa mistari inaonekana kwenye Ayubu 8:7, ule wa mwanzo mdogo na mwisho kuongezeka. Watu huunukuu kama ahadi ya Mungu, kumbe msemaji ni Bildadi, rafiki wa Ayubu! Ukifika 42:7, Mungu anamkemea Elifazi na rafiki zake wawili, Bildadi akiwemo, kwamba hawakunena yaliyo sawa. Na ukijadiliana na Mkatoliki, kumbuka Biblia yake ina vitabu 73, si 66.