Mnaoanza huduma ya vijana hapa Arusha, hebu tuongee

Bwana Yesu asifiwe watumishi. Naongea na nyie wapya, zile familia changa zilizojiunga na huduma ya mtaani msimu huu, pamoja na vijana wa uinjilisti mliopangiwa Unga Limited na Ngarenaro. Nawapenda, hilo mnalijua, kwangu mnakula bila kukaribishwa. Ila juzi nimeshika karatasi ya ratiba ya mkutano wa wiki ijayo nikakuta imeandikwa "ushuhuda, dada aliyetoka kwenye maisha ya baa, dakika 15". Nikauliza huyo dada amekata shauri kuokoka lini, naambiwa mwezi haujaisha, na anaishi hapo hapo jirani na uwanja. Jamani! Mwondoeni kwenye ratiba leo, sababu nitaisema huko chini kwenye namba 3, lakini msisubiri mpaka mfike huko ndo mmwondoe.

1. Kabla ya kufunga spika nendeni kwa balozi wa nyumba kumi na kwa mwenyekiti wa mtaa mkajitambulishe, mkae, mnywe chai kama mnapewa, afu ndo barua za mtendaji na polisi zifuate, na nakala yenye muhuri ikae kwenye begi la vyombo siku zote.

2. Jifunzeni kalenda ya mtaa. Kila mwaka wapya wananiletea kilio kile kile, mama vijana wamepoa, viti vimebaki vitupu, tufunge tuombe. Kuomba tuombe, sawa, ila kwanza angalia ni mwezi gani. Mji huu unakula kwa utalii. Juni mpaka Oktoba wageni wamejaa mlimani na mbugani, na hao vijana wenu wengi ni wagumu, wapagazi wa Kilimanjaro, wako Machame au Marangu na mzigo kichwani, akipanda leo humwoni siku sita saba na akishuka analala kama gogo. Hajarudi nyuma, yuko kazini! Kuna mtumishi mmoja, bado ana moto sana na nampenda kwa hilo, alimtumia kijana meseji za kumkemea kwa kuacha ibada, mfululizo, na mistari ya Biblia juu yake. Kijana mwenyewe alikuwa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 huko juu, simu kaizima atunze chaji. Anashuka, anawasha, anakuta kesi imeshasikilizwa na hukumu imetoka.

Afu Aprili na Mei masika imekolea, wageni hakuna, vijana hao hao wako kijiweni toka asubuhi hawana hata nauli, wanajaa kanisani, nyie mnasema uamsho umefika. Hapo ndo pa kuweka semina ya wiki nzima, Kiingereza cha kuongea na wageni, huduma ya kwanza, namna ya kuandika barua ya kazi. Nyie semina kubwa mnaipanga Agosti, kila mwaka Agosti, sijui nani aliwafundisha. Tengeru soko ni Jumatano na Jumamosi, binti anayemsaidia mama yake kuuza ndizi hawezi kuwa kwenye mazoezi ya kwaya Jumamosi asubuhi hata awe na upako kiasi gani. Wanaapolo, wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, nao hawana kalenda kabisa, akitokea mjini ujue amepata au amekosa, na siku zote mbili anahitaji mtu wa kukaa naye kabla hajakaa na watu wengine. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba, matokeo yanatoka Januari, na hapo katikati mtoto hana shule, hana kazi, hana wa kumuuliza unaenda wapi. Ndo miezi tunayopoteza watoto. Mpango wa hiyo miezi uwe tayari mwezi wa kumi. Wenzetu wa Moshi nao wana Desemba yao, kila mtu amepanda kihambani, shamba la ukoo huko mlimani, makanisa ya huko juu yanafurika mpaka nje, na mjini Pasua na Majengo wamebaki vijana wasio na kihamba cha kupandia, na wahudumu wote wako likizo. Hili tuliongelee siku nyingine, linaniuma.

3. Ushuhuda. Hapa nitakaa.

Hii ilitokea miaka kadhaa nyuma, baada ya pombe za viroba kupigwa marufuku ile Machi 2017, wakati mtaani kwetu wanywaji wengi walikuwa wamerudi kwenye gongo. Simtaji kijana wala mtaa. Alikuwa wa kijiweni, pool, bangi, mkeka wa kubeti mfukoni muda wote. Baba watoto alimpata kupitia mpira wa jioni, wakazoeana, akaanza kuja nyumbani kula, baadaye akaja ibadani, na akaokoka kweli, mimi nilikuwepo na sijawahi kuwa na mashaka na siku ile. Na alikuwa muongeaji. Akisimulia kitu watu wanaacha kula.

Tukawa na mkutano wa wazi, na kulikuwa na wageni wanakuja, ndugu waliotuchangia jenereta. Mimi ndo nilikuwa na ratiba ya shuhuda. Nilimkalisha jikoni kwangu huku nachambua mchele, nikamwambia mwanangu eleza ulikotoka kote, usifiche, ukificha unamnyima Mungu utukufu. Nilisema hayo maneno kwa mdomo wangu. Niliyaamini pia, lakini kwa ukweli wote nilikuwa nawawaza wale wageni, nilitaka waone kwamba jenereta yao haikupotea bure.

Akapanda. Alianza vizuri, watu wanacheka, wanapiga makofi. Mara akasema pombe alijifunzia nyumbani, kwa sababu mama yake anapika gongo. Akaeleza inavyofichwa kwenye madumu ya mafuta ya kula nyuma ya banda la kuku, akaeleza mpaka wateja wanavyogonga, mara mbili, halafu kimya, halafu mara moja, akagonga maiki kwa kidole kuonyesha. Vigelegele. Wamama wakalia. Mgeni mmoja aliniangalia akatikisa kichwa kwa kuguswa, na mimi nikajisikia tumefanya kazi ya Mungu.

Spika zilikuwa za kuazima, zile honi, tumezifunga juu ya mti na kuzielekeza majumbani ili hata wasiotoka nje wasikie neno. Walisikia. Mama yake alikuwa uani kwake anaanika nguo za watu, maana alikuwa pia anafua kwa malipo, na alisikia sauti ya mwanae ikitaja banda lake la kuku.

Kesho yake wakaja askari na watu wa mtaa. Gongo ni kosa la jinai na yeye alilijua hilo kila siku aliyowasha moto, sitetei. Walimwaga, wakabeba mapipa, akalala kituoni. Mwenye nyumba akasema mwisho wa mwezi ahame. Wadogo wawili wa yule kijana, wale wa shule ya msingi, wakapelekwa kwa bibi, muhula ukakatikia hapo. Kijana mwenyewe alienda kijiweni wakamuuliza swali moja tu, wewe ndo umemchoma maza ako? Ndani ya wiki akaondoka kwenda Mirerani. Hakutuaga.

Tulienda kwa yule mama, mimi na baba watoto, tumebeba unga na sukari. Alikuwa anafunga vyombo kwenye salfeti. Hakutufukuza na hakutupa pa kukaa. Anachukua sufuria, anaifuta masizi kwa gazeti, anaiweka ndani ya nyingine, anaweka kwenye salfeti. Mume wangu akaanza kuomba radhi kwa yale maneno yetu marefu ya kanisani, mama akamwacha amalize, akanigeukia mimi. Akaniuliza, na wewe mwenzangu, mama yako alikusomesha kwa kuuza nini?

Nikamwambia mbege. Ni kweli, mama yangu aliuza mbege, pombe ya ndizi, Old Moshi, ada yangu yote ilitoka kwenye kata ya kunywea.

Akasema, mbona ya mama yako hukuipandisha kwenye spika?

Sikuwa na jibu. Tulimtafutia chumba kingine na kodi ya mwanzo tukalipa wenyewe, hatukuigusa sadaka, na baba watoto alihangaika na uhamisho wa wale watoto mpaka wakarudi darasani. Chumba alikipokea. Kanisani kwetu hajawahi kukanyaga na sijawahi kumwalika, sasa hivi anauza maandazi, nikipita tunasalimiana vizuri tu. Kijana alirudi baadaye sana, ni fundi wa kuchomelea mageti, ana mke, anasali sehemu nyingine. Alinisamehe kabla sijamaliza kuongea. Mama yake hajasema amenisamehe na ni haki yake.

Kwa hiyo nikiona dada wa watu amewekwa kwenye ratiba kabla hata mwezi haujaisha, msiniambie ana moto na yeye mwenyewe amekubali. Wote wanakubali! Mtu aliyeokoka juzi ukimwambia ruka anauliza niruke wapi, ndo maana breki ni kazi yako wewe mlezi. Ana mama, ana watoto wanaosoma na wa jirani, ana mwajiri wa kesho ambaye leo amesimama pale uwanjani anakula mahindi ya kuchoma. Huku kwetu utaratibu ni huu: mwaka upite kwanza. Aandike, mlezi akae naye asome. Hakuna kumtaja mtu ambaye hana maiki ya kujibu. Anayetajwa hata kwa mbali, mama, mume, nani, aambiwe kabla na akubali. Mkutano ukiwa mtaani kwake haongei. Hakuna kurekodi video, hata ya grupu la WhatsApp la wazee, manake humo ndo zinapovujia. Akitaka kushuhudia mapema kuna jumuiya, kuna watu nane sebuleni wanaomjua na kumwombea, inatosha sana. Na wageni wakiuliza mbona hamna shuhuda za nguvu, wapeni daftari la matumizi wasome.

4. Pesa. Usimpe kijana taslimu mkononi, lipa panapodaiwa uchukue risiti. Usiahidi ada ambayo hujaishika. Wapo wapenzi wawili wa Bwana, wana ndoa mbichi kabisa, walimwahidi kijana bodaboda kwa imani, kwa imani kweli kweli, na kijana akaacha kazi ya saidia fundi akakaa kusubiri hiyo imani, akasubiri mpaka akachukia kanisa zima. Kama ni mtaji, ipo ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 vijana, 4 wanawake, 2 wenye ulemavu, inatolewa kwa vikundi, mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wapelekeni wakiwa kikundi kilichosajiliwa, na mkae nao kwenye zile fomu. Wanaofaulu wanafurahi kuliko waliopewa bahasha, nimewaona.

5. Chini ya miaka 18 ni mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 haina utani hapo, hata awe na ndevu. Hakuna mhudumu kukaa na mtoto peke yake chumbani, hakuna lifti ya usiku ya wawili, hakuna kuchati naye usiku. Na mtoto akikwambia anaumizwa nyumbani, usilipeleke kwenye kikundi cha maombi kama hoja ya kuombewa, kule kuna shangazi yake. Piga 116, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Afu ndo uombe, uombe sana.

6. Mwisho ni watoto wenu wenyewe, na hapa naongea na wamama zaidi kwa sababu baba wengi wataruka hii namba. Mnafungua nyumba, safi, ndo huduma ya mjini ilivyo, kijana haji ofisini anakuja palipo na ugali. Lakini yule wa darasa la nne hakuitwa na usharika, ameitwa kula na kulala kwao. Nyumba moja ya watumishi hapa mjini, Julai, baridi yetu mnaijua, mama akavua sweta ya mwanae kwenye kamba akampa binti mgeni aliyekuja anatetemeka. Tendo jema. Asubuhi mtoto anaenda shule na kishati, na anasikia mama anasifiwa kwenye ibada kwa ile sweta. Vya mtoto anatoa mtoto, muulize, na akisema hapana basi ni hapana, toa kanga yako.

Chumba chao kisigeuzwe cha wageni bila kuwaambia. Wasitajwe kwenye mahubiri. Wasipangiwe kukusanya viti kila Jumapili kwa kuwa tu wapo na ni wako. Na muwe na siku moja ya geti kufungwa, ya kwetu ni Jumanne, kuanzia saa kumi na moja jioni simu zinakaa kwenye droo, tunapika makande au mtori, tunakaa wenyewe. Mwanzo nilihisi kama nimewatelekeza watu. Mtu akipata dharura Jumanne anampigia mzee wa zamu, namba imebandikwa mlangoni pa ofisi ya vijana, na karatasi ya zamu ya mwezi ujao bado ina nafasi mbili wazi, jazeni kabla ya Alhamisi.