Usimfuate kijana kilimani kumuuliza kama anaweza

Mkuu, hapana. Hapana kabisa. Umeandika kwamba Jumamosi una fainali ya besiboli ya watoto wa miaka 12 dhidi ya mji wa jirani, mrushaji wako mkali alicheza Jumatano, na wewe hutaki kuwa Kevin Cash, yule meneja wa Rays aliyemtoa mrushaji wake akiwa bado mkali, kwa hiyo mambo yakikaza utamfuata kijana kilimani, pale anaposimama mrushaji, umtazame machoni, akisema yuko fiti amalize mwenyewe. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili na tumbo likanivuruga. Maneno hayo niliyasema mimi, Juni 2021, hapa Massachusetts, na aliyeyalipia hakuwa mimi.

Usimuulize. Shika hilo kwanza, mengine utayasoma ukitulia.

Najua ulikoyatoa, kwa sababu ndiko nilikoyatoa na mimi. Oktoba 27, 2020, mechi ya sita ya World Series, fainali ya ligi kuu ya Marekani, Rays ya Tampa Bay na Dodgers ya Los Angeles pale Arlington, Texas. Mrushaji wa Rays, Blake Snell, yuko iningi (kipindi cha mchezo) ya sita, amerusha mipira 73, amepigwa mara mbili tu, ametoa watu tisa kwa straiki (mpigaji akikosea mara tatu anatolewa), Rays wanaongoza 1-0. Betts, Seager na Turner, wapigaji wa Dodgers, walikuwa wameshasimama mbele yake mara mbili kila mmoja, na mara zote sita walirudi benchi kwa straiki. Cash akatoka, akamtoa Snell kwa kufuata hesabu zake. Akaingia mrushaji mwingine, Nick Anderson. Betts akapiga akafika besi ya pili, mrusho mmoja ukaenda kombo, mwenzake aliyemtangulia besini akaingia ikawa 1-1, Seager akapiga mpira wa chini Betts akaingia, 2-1. Mwisho 3-1, kombe likaenda Los Angeles. Majira yote ya baridi kijiweni kwetu wimbo ulikuwa mmoja: hesabu zimeua mchezo, kocha wa kweli anasoma macho ya mtu. Na mimi niliuimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa sikiliza kilichonipata.

Nilikuwa na timu ya wilaya yetu, umri wa miaka 11 na 12, na mrushaji wangu namba moja alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada. Fainali ilikuwa dhidi ya mji wa jirani, na walioishi hapa wanajua jirani maana yake nini. Walikuwa wametutoa miaka miwili mfululizo. Wazazi wao walikuja na vigelegele na sufuria, kila mpira wetu ukienda nje wanagonga. Mimi sikutaka ushindi tu. Nilitaka wafungwe na yule yule waliyekuwa wakimzomea, mwanzo hadi mwisho, bila msaada. Hapo ndipo upinzani unapoua akili. Kumtoa kijana unaona kama ni kuwakabidhi wao kitu.

Kwenye daftari mambo yalikuwa safi. Jumatano alikuwa amerusha mipira 48, sheria za Little League, besiboli ya watoto, zinadai siku mbili za kupumzika kwa idadi hiyo, Alhamisi na Ijumaa zikapita, Jumamosi ni halali. Mwisho wa iningi ya tano tunaongoza 4-2 na yeye amefika 71. Kikomo cha umri huo kwa siku ni 85. Iliyobaki ni iningi moja, ya sita, ndiyo ya mwisho kwa watoto, na wao ndio wanapiga.

Wa kwanza akatolewa. Wa pili akapewa besi ya bure, na mipira yote minne iliyokosa ilipita juu. Juu, juu, juu, juu. Mipira ya mrushaji ikianza kupanda hivyo, mkono umekwisha, hauhitaji shahada kuliona. Nikaomba muda nikatoka.

Nitakueleza nilichokiona, maana nakiona mpaka leo. Alikuwa ameushika mpira kwa mkono wa kushoto, wenye glavu. Wa kulia ameukunja, kiwiko amekibana tumboni, kama mtoto aliyeficha yai asipokonywe. Kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Nikamwuliza, "Uko sawa?" Akainua uso akanitazama moja kwa moja. "Niko sawa, mjomba."

Macho hayakukwepa. Nikarudi benchi, wazazi wetu wakanipigia makofi.

Mpigaji aliyefuata akapiga, watu wawili besini. Mpira wa 84, kijana wao mrefu akautupa kati ya walinzi wawili wa nyuma, wote wawili wakaingia, 4-4. Hapo sasa ndipo nikakumbuka kwamba nina mrushaji wa pili. Alikuwa amekaa na koti, hajarusha hata mpira mmoja wa kupasha mkono tangu asubuhi. Mrusho wake wa kwanza ukapita juu ya kichwa cha mdakaji, aliyekuwa besi ya pili akasogea ya tatu. Wa tatu ukapigwa nyuma kabisa. 5-4. Sufuria zikagongwa mpaka tunatoka maegeshoni.

Hiyo ni hasara ndogo.

Usiku tulikula kwa dada. Ameweka chai, kijana akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua kikombe. Dada akamwambia, "Tangu lini wewe wa kushoto?" Akacheka, akasema mkono umechoka tu. Dada hakucheka. Akaushika ule wa kulia akajaribu kuunyoosha, haukunyooka. Ulifika mahali ukagoma, na mtoto akauma mdomo.

Daktari alituonyesha picha. Upande wa ndani wa kiwiko, pale mfupa unapokuwa bado unakua, pana tabaka laini ambalo kwa mtoto ni dhaifu kuliko kano zenyewe. Mkono ukivutwa kwa nguvu mara nyingi mno, mtu mzima anachanika kano, mtoto anaachanishwa pale pale kwenye ukuaji. Pengo lilionekana. Ndipo daktari akauliza alirusha lini kabla ya Jumamosi, nami nikajibu kwa kujiamini, Jumatano, mipira 48. Kijana akasema taratibu, "Na Alhamisi." Alhamisi alikuwa kwa mwalimu wa kulipia, akarusha nusu saa nzima. Haikuwa kwenye daftari langu kwa sababu daftari langu lilihesabu mechi zangu tu.

Hakugusa mpira hadi majira ya mwaka uliofuata. Mtoto aliyekuwa analala na glavu chini ya mto, akakaa msimu mzima upande wa wazazi, ameshika chupa za maji za wenzake.

Miezi baadaye, tukiwa ndani ya gari, nilimuuliza kwa nini alisema yuko sawa. Alinijibu bila hasira: "Mjomba, ulikuja kuniuliza mbele ya watu wote. Ningesemaje?"

Ningesemaje. Hakuna mtoto wa miaka 12, na wapinzani wanagonga sufuria, na baba zake wadogo wako kwenye uzio, atakayesema nitoe. Ukimuuliza hujampa nafasi ya kuchagua. Umemtwisha mzigo wako.

Na sasa nimseme aliyenifundisha ujinga huu, jina lake siliweki. Mzee mmoja wa ligi yetu, kafundisha watoto miaka mingi, kila mtu anamheshimu, nami nilikuwa mgeni wa kazi nikamshika kama mwalimu. Ndiye aliyeniambia, "Kitabu tupa. Mtazame machoni. Yasipokwepa, mwache." Kinachoniuma ni hiki: mzee huyo ni shabiki wa damu wa Red Sox, timu ya Boston, na kwa miaka yote alikuwa akimlaani Grady Little, aliyekuwa meneja wao! Na wewe umemtaja Grady Little kwenye andiko lako, umesema alionewa. Haya, tukumbushane. Oktoba 16, 2003, mechi ya saba ya fainali ya American League, Boston na Yankees ya New York, Yankee Stadium. Boston wanaongoza 5-2 iningi ya nane, mrushaji wao Pedro Martínez ameshamaliza saba na mipira 100. Jeter wa Yankees akapiga akafika besi ya pili. Bernie Williams akapiga, 5-3. Little akatoka hadi kilimani. Alan Embree yuko tayari kule kwa warushaji wa akiba, mkono wa kushoto, na anayekuja kupiga ni Matsui, mpigaji wa kushoto, ambaye mrushaji wa kushoto humsumbua zaidi. Little akafanya nini? Akamuuliza Pedro kama bado anaweza. Pedro akasema anaweza. Angesema nini kingine, Pedro Martínez, ndani ya Bronx, nyumbani kwa Yankees, mbele yao? Matsui akapiga, Posada akapiga, 5-5, na Pedro akatoka akiwa na mipira 123. Iningi ya 11 Aaron Boone wa Yankees akaupeleka mpira wa Wakefield, mrushaji wa Boston, jukwaani, 6-5, na Little hakuongezewa mkataba.

Mzee aliyaona hayo kwa macho yake, akalaani kila mwaka, kisha akanifundisha kufanya kile kile kwa mtoto. Nilimfuata baadaye kumwambia habari za kiwiko. Akanijibu kwamba watoto wa siku hizi ni laini. Sijazungumza naye tena na sitazungumza naye.

Na si Little peke yake. Novemba 1, 2015, World Series, mrushaji Matt Harvey wa Mets ya New York amemaliza iningi nane bila kufungwa, mipira 102, wanaongoza Royals 2-0. Meneja wao Terry Collins ameshaamua mrushaji Jeurys Familia ndiye anaingia ya tisa. Harvey akamfuata pale benchi, kamera zote zinaona, akakataa kutoka. Collins akalainika. Wa kwanza akapewa besi ya bure, wa pili akapiga, na Royals wakasawazisha, wakashinda 7-2 iningi ya 12, wakabeba kombe pale pale New York. Collins alikuwa na uamuzi mzuri mkononi, akaubadilisha kwa sababu mrushaji alimkazia macho. Watu wazima hao, wanaolipwa mamilioni, na bado mrushaji hawezi kujitoa mwenyewe. Wewe unamtarajia mtoto wa darasa la sita?

Utaniambia basi nipo upande wa Cash. Kwa kuwa na mpango kabla ya mechi, ndiyo, niko naye. Ninachomlaumu ni aliyemwingiza: Anderson alikuwa amefungwa mechi kadhaa mfululizo kwenye mtoano ule, kila mtu aliona amechoka. Kumtoa mtu bila kuwa na wa kumpokea ni nusu ya kazi. Na huyo huyo Boone aliyewaliza Boston, alipokuwa meneja wa Yankees, Oktoba 25, 2024, mechi ya kwanza ya World Series dhidi ya Dodgers, iningi ya 10, alimwingiza mrushaji Nestor Cortes ambaye hakuwa amerusha kwenye mechi kwa zaidi ya mwezi. Mpira wake wa kwanza kwa Freddie Freeman wa Dodgers, besi zote zimejaa, ukaishia jukwaani, 6-3. Nilipouona nilimkumbuka yule mtoto wangu aliyekuwa na koti. Yeye naye nilimkosea. Kapewa mechi na mkono wa baridi, na wenzake wakamnunia wiki nzima.

Kwa hiyo Ijumaa usiku, mezani kwako, fanya hivi. Wapigie wazazi wa kijana uwaulize amerusha wapi kwingine wiki hii, timu nyingine, mwalimu wa kulipia, uani kwa kaka yake, kote. Kisha chukua karatasi uandike namba moja na jina moja: akifika mpira wa ngapi anatoka, na nani anaingia. Namba iwe chini ya kikomo cha sheria, maana kikomo ni ukuta, si mahali pa kulenga. Karatasi usibaki nayo wewe. Mpe mtu asiyejali kombe kuliko mkono wa mtoto. Mimi yangu anashika dada. Anakaa nyuma ya uzio upande wa besi ya kwanza, mipira kumi kabla ya namba ananyanyua kidole na wa pili anaanza kupasha mkono, namba ikifika anasimama. Dada akisimama, natoka kilimani na mkono wangu umeshanyooshwa kupokea mpira. Namwambia kijana "umefanya kazi" na siulizi chochote. Msimu jana tulifungwa nusu fainali kwa mpango huo huo, na kila mtoto alikula chakula cha usiku kwa mkono wake wa kawaida.

Yale mengine uliyouliza, ya jezi na ya wale wazazi wanaozomea, wakuu wengine watakujibu.

Wewe nitajie hapa kabla ya Ijumaa: wa pili wako ni nani, na ataanza kupasha mkono mpira wa ngapi?