Maji yetu yana majina mengi

Mmeuliza wiki hii: mto ukiitwa tofauti katika kila lugha, jina lake la kweli ni lipi? Naandika kutoka Lubumbashi, na naona lugha inasingiziwa. Mto hubadilika jina hata pale watu wanaposikilizana vizuri kabisa.

Fuateni maji ya kwetu. Mji huu ulipoacha kuitwa Élisabethville mwaka 1966, ulichukua jina la kijito chake, Lubumbashi. Kijito kinaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, mpaka wetu na Zambia. Luapula inamwagika katika ziwa Mweru. Maji yakitoka tena, pale Pweto, ni Luvua. Pale Ankoro yanakutana na mto Lualaba, na hilo ndilo jina hadi Kisangani. Ukishapita maporomoko, ni Kongo. Na hiyo Luapula, iliyo katikati ya nchi mbili, pande zote inaitwa Luapula! Mpaka haukubadili kitu. Ziwa na maporomoko ndivyo vilivyobadili.

Mvuvi na mwenye mtumbwi wanataka jina la kipande wanachokifanyia kazi, basi. Anayetaka jina moja tangu chanzo hadi bahari ni msafiri, au serikali. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, akaiona Lualaba, akadhani huenda ndiyo Naili. Hata angeuliza jina kutwa nzima, lisingemwambia maji yanaishia wapi. Ilibidi Stanley ashuke nayo hadi Boma, karibu na bahari, mwaka 1877.

Siitetei lugha kwa yote, lakini. Kule mto unapoingia baharini, wasemaji wa Kikongo waliuita nzadi, yaani mto mkubwa tu. Wareno, ambao Diogo Cão aliwafikisha pale mwaka 1482, wakaandika Zaire. Miaka mingi baadaye, mwaka 1971, Mobutu, rais wetu wa wakati huo, akaupa mto na nchi jina hilohilo la kalamu ya Wareno, eti turudie asili yetu. Mwaka 1997 likafutwa kwetu. Ng'ambo, Angola, mkoa wa Zaire bado upo, na mji wake mkuu unaitwa Mbanza Kongo.

Mkinipa ramani ya shule niichore, nitaandika kila jina pale linapotumika, hata yakibanana. Luvua pia, ambayo hata sisi wa Katanga tunaisahau.