Darubini za redio zinapataje picha, na ukinunua ya kwako utaona nini

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo: picha za darubini za redio zinatoka wapi wakati mawimbi hayo hayaonekani kwa macho, na kama ukinunua darubini utaziona galaksi kama zilivyo mtandaoni. Mimi ni fundi wa madishi hapa Dodoma na nina darubini ya kioo ya sentimita 15, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyashika kila siku.

Nianze na redio. Mafundi wenzangu wanajua: Machi na Septemba, siku zinazokaribia usiku na mchana kulingana, wateja wanapiga simu kwamba king'amuzi kimekata picha mchana kweupe, kisha dakika chache kimerudi chenyewe. Dishi halina kosa. Jua limepita nyuma ya setilaiti, na kelele zake za redio zimeimeza signali. Yaani dishi la TV ni darubini ya redio tayari, ila ndogo. Chomeka kifaa cha kupimia signali kwenye LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), geuza dishi taratibu kuelekea jua: mlio unapanda, ukilipita unashuka. Sasa sogeza dishi kidogo kidogo, mstari baada ya mstari, ukiandika namba. Namba kubwa zipake rangi angavu, ndogo ziache nyeusi. Hiyo ni picha. Rangi anachagua mtu. Lile duara la chungwa la shimo jeusi la galaksi ya M87, lililotangazwa 2019, rangi yake ni uamuzi wa watu; kilichopimwa ni nguvu ya mawimbi ya milimita 1.3. Na usiwacheke watu wa redio, hata kamera za Hubble, darubini iliyoko angani, hupiga kwa weusi na weupe kupitia vichujio, rangi zinaunganishwa baadaye.

Shida ni kwamba jua kwenye dishi langu linatoka doa tu. Dishi la sentimita 90 na wimbi la sentimita 2.5 linapokea eneo la anga lenye upana wa nyuzi 2 hivi, wakati jua lina nusu nyuzi. Kutenganisha vitu vilivyokaribiana kunategemea upana wa darubini ukilinganisha na urefu wa wimbi, na wimbi la mwanga ni fupi kuliko hilo la LNB kama mara 50,000. Piga hesabu: ili dishi liifikie darubini yangu ya sentimita 15, linatakiwa kuwa na upana wa kilomita 7.5!

Hakuna wa kulijenga. Kwa hiyo wanatawanya madogo. MeerKAT, darubini ya redio kule Karoo Afrika Kusini, ina madishi 64 ya mita 13.5, yaliyotapakaa hadi kilomita 8. Wimbi moja linafika kwa kila dishi kwa tofauti ndogo sana ya muda, kompyuta inalinganisha jozi zote 2,016 na kuijenga picha kutokana na tofauti hizo. Mtandao uliopiga M87 ulikuwa na darubini 8, kuanzia Hawaii na Hispania mpaka Ncha ya Kusini (hii ya mwisho haiwezi kuiona M87, ilisaidia kusahihisha vipimo), kila kituo kikiwa na saa yake ya atomiki. Data zilikuwa nyingi mno kwa intaneti, diski zikasafirishwa kwa ndege, na zile za Ncha ya Kusini zilisubiri miezi mpaka majira ya baridi yaishe ndege ziweze kutua.

Kuhusu kununua: usidanganywe na "inakuza mara 525" iliyoandikwa kwenye boksi. Darubini kwanza inakusanya mwanga. Kioo changu kinakusanya kama mara 450 ya mboni ya jicho iliyofunguka gizani. Galaksi ya Andromeda, Novemba usiku upande wa kaskazini, nje kabisa ya taa za mji, utaiona kama wingu la kijivu lililorefuka. Ukilikazia macho linafifia. Tazama pembeni yake kidogo, linajitokeza. Mwanga huo umesafiri kama miaka milioni 2.5. Rangi hutaziona, kwa sababu jicho haliwezi kulimbikiza mwanga dakika nzima kama kamera. Pete za sayari ya Zohali na miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii ndizo zitakazokufurahisha mapema, na Kilimia, lile kundi la nyota, itazame kwa ukuzaji mdogo, la sivyo haienei.

Hela yako weka kwenye upana wa kioo na stendi isiyotikisika. Na darubini ya kioo usiielekeze kwenye jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele yake. Jicho linaungua kabla hujasikia maumivu.